Taaluma Hakula Kwangu

Mimi simwamini mtu anayefunga dirisha kabla ya kuongea. Mwalimu wa Taaluma wa ile shule yetu, kabla hajakuambia neno, hata kama ni kukuuliza kipindi chako kinaanza saa ngapi, alikuwa anainuka, anafunga dirisha, anavuta pazia, ndipo anarudi kukaa. Ukimuuliza kwa nini, anasema baridi. Haya, Sumbawanga kuna baridi, hilo silikatai. Mwezi wa sita na wa saba unatoka kitandani kwa kujilazimisha. Lakini yeye alifunga hata mwezi wa kumi, jua linawaka, wenzake tunajipepea kwa madaftari. Baridi gani hiyo?

Jina lake nalijua, ila pale shuleni halikuwa na kazi. Mkuu wa shule tulimwita Mkuu, mimi nilikuwa Madam Baiolojia, na yeye alikuwa Taaluma, basi. Mtu mrefu, koti la kijivu msimu wote, mifuko imejaa karanga na vipande vya chaki vilivyochanganyika humohumo. Alikuwa anatia mkono mfukoni, anapuliza, anatafuna. Siku yangu ya kwanza ofisini alininyooshea kiganja chenye karanga. Nikasema asante, nimeshiba.

Sikuwa nimeshiba. Nilikuwa nimetoka Mbeya juzi yake, na ndugu zangu walikuwa wamenijaza maneno: Sumbawanga, mwanangu, usile kwa watu ovyo. Kwa hiyo nilikuwa natembea na hotipoti yangu kama mgonjwa. Taaluma aliitazama ile hotipoti juma zima, halafu siku moja akafunga dirisha, akasema, "Madam Baiolojia, wachawi wa hapa siku hizi wana shughuli nyingi. Wana mahindi ya kupalilia. Kula tu na wenzako." Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilibaki najiuliza, amejuaje ninachowaza?

Shule yenyewe ilikuwa katikati ya mji. Majengo ya serikali, lakini walioiendesha walikuwa wafadhili, kwa makubaliano maalumu. Watoto wanaingia kwa bahati nasibu, hawalipi ada. Sisi walimu tuna mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Na kila anayemaliza Kidato cha Sita lazima aende chuo kikuu, la sivyo makubaliano yanavunjwa. Kwenye ukuta wa mbele palikuwa na bango la bluu, herufi kubwa kama milango: WOTE CHUO KIKUU. Wageni walipenda kupigia picha hapo. Mimi nilipolisoma mara ya kwanza nilijiuliza jambo moja tu: wote? Na wale wasioweza wanapelekwa wapi?

Sikuchelewa kujua. Mwisho wa Kidato cha Tano, kabla watoto hawajasajiliwa kwa mtihani wa taifa, kulikuwa na mtihani wetu wa ndani ambao wanafunzi waliuita Chekeche. Matokeo yakishatoka, Taaluma anawasha pikipiki yake anakwenda nyumbani kwa mtoto aliyeanguka. Anakaa huko saa nzima. Siku mbili tatu baadaye mzazi anakuja shuleni kwa miguu yake, anaomba uhamisho. Hagombi wala halii. "Tumeamua wenyewe, mwalimu." Wote maneno yaleyale, kama waliokaririshwa. Mkuu aliwaambia wageni kwa fahari kwamba shule yetu haijawahi kumfukuza mtoto, na haikuwa uongo. Lakini ile pikipiki ikionekana imeegeshwa mlangoni kwa mtu, wanafunzi walisema, "Huyo tayari."

Anawaambia nini? Hilo ndilo lililoninyima raha. Anawatisha? Anawaahidi kitu? Ndugu zangu wa Mbeya walikuwa na jibu lao kwenye simu, lakini hilo sikulitaka, maana kumwogopa mtu ni kazi, na kumwogopa mtu na dawa zake ni kazi mara mbili.

Na usidhani alikuwa mtu wa kuchukiza. Hapo ndipo ugumu ulipo. Wageni wakija na magari yao, yeye alipeana nao mkono mmoja, mwingine uko mfukoni na karanga. Lakini akija mzazi kutoka kijijini, kanga imepauka, miguu ina vumbi jekundu, Taaluma alitoka ofisini, akachuchumaa mbele yake palepale uwanjani, akapiga makofi polepole kama Wafipa wanavyowaamkia wakubwa zao. Mtu wa kimo kile, mbele ya wanafunzi! Wazazi walimpenda kwa hilo. Nami nilisema moyoni, simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Wanafunzi hakuwaita majina yao. Aliwaita kwa kwao: wa Kipili, wa Laela, wa Kasanga. Ukimweleza jambo, alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Nimekusikia, sijakubali." Hata Mkuu aliambiwa hivyo. Hata mfadhili mmoja aliyetoka Dar aliambiwa hivyo, akadhani ni salamu ya kienyeji, akaitikia, "Asante sana."

Darasani alifundisha Hisabati kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alikuwa anaandika swali ubaoni, analifanya hatua kwa hatua, na mahali fulani katikati anakosea. Kwa makusudi. Halafu anaendelea kwa sauti ileile, uso mkavu, huku jicho linazunguka darasani. Akiona mtu ananakili tu, anamsimamia juu ya daftari: "Umenakili kosa la mzee mzima! Mbona hukunishika?" Na aliyemshika alipewa karanga. Nilipomwambia kwamba mimi naona ni kuwachanganya watoto, alifunga dirisha kwanza. "Madam, mwanafunzi anayeniamini mimi hana faida. Namtaka anayenikagua." Sasa mwalimu anayejivunia uongo wa ubaoni, uongo wa mahali pengine atauonea haya?

Siku niliyofumbuliwa fumbo la zile ziara zake ilikuwa hivi. Nilikuwa getini, akaja mama mmoja wa Laela na jogoo kwapani. Nilimkumbuka. Binti yake alikuwa darasani kwangu, na mwaka uliotangulia alikuwa miongoni mwa "tumeamua wenyewe."

"Shikamoo mama. Jogoo wa nani huyo?"

"Marahaba. Wa Taaluma."

"Si ndiye aliyemtoa mwanao hapa?"

"Ndiye."

"Na unamletea jogoo!"

"Sasa nimletee nani?" Akacheka, akamhamishia jogoo kwapa la pili. "Mwalimu, yule alikuja kwangu akachuchumaa. Nikajua kuna jambo, mwalimu hachuchumai bure. Akaniuliza, mama, una ugali? Nikamwambia upo, ila mboga ni maharage matupu. Akala akamaliza. Ndipo akasema, nimekula kwako, siwezi kukudanganya. Mwanao Fizikia haimwingii, na pale kwetu bila Fizikia hakuna njia. Ukimwacha ataanguka, na akianguka shule itanisema mimi, kwa hiyo hata mimi nina langu hapo, sikufichi. Mhamishe, shule fulani wanafundisha masomo anayoyaweza."

"Ukakubali?"

"Hee, nililia kwanza! Nililia, mwalimu. Halafu nikakubali. Sasa mtu ameshakula ugali wako, utambishia nini? Yule hali mahali anapoficha jambo. Muulize mtu yeyote."

Sikumuuliza mtu. Nilikumbuka mwenyewe. Kwenye mahafali, Taaluma alisimama mbele ya wafadhili akasema shule yetu haimwachi mtoto nyuma, na pilau lilipopita alishika sahani, akazungukazunguka nayo, akaishia kuiweka dirishani haijaguswa. Nilikuwa nimeiona ile sahani. Nilidhani anaumwa tumbo.

Mwingine angesema basi, kumbe ni mtu mwema. Mimi nilirudi nyumbani na shaka mpya. Mtu mwenye saa maalumu ya kusema ukweli, maana yake ana saa nyingine za kusema uongo. Na ukweli wenyewe ulikuwa unaifaa shule, unalifaa bango la bluu, unakifaa cheo chake.

Halafu kulikuwa na wa Kipili. Kijana mzuri wa Kemia, alianguka kwenye Chekeche mwaka ambao baba yake alikuwa mgonjwa. Taaluma aliendesha pikipiki mpaka ziwani, akala, akasema ukweli wake, kijana akahama. Shule aliyohamia hakuwahi kukanyaga. Likizo moja nilikwenda Kipili nikamkuta anashusha magunia ya dagaa kwenye boti, akaniamkia kwa aibu, akarudi kazini. Niliporejea nilimwendea Taaluma na hasira zangu zote. Nikamwambia, huyo ndiye mtoto uliyemweleza ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakufunga dirisha. Akasema, "Nimekusikia." Nikangoja amalizie. Hakumalizia.

Mimi sikuridhika. Kwenye kikao cha walimu nilisimama nikasema wazi kwamba hii ni kufukuza watoto kwa sukari, na kwamba siku pikipiki yake ikija kwangu itakuta mlango umefungwa. Mkuu alikohoa. Taaluma alikuwa anachagua karanga kwenye chaki, kama hakusikia.

Nilikuwa na sababu. Atupele, mtoto wa dada yangu niliyekuwa naishi naye, aliingia shuleni pale kwa ile bahati nasibu, na alikuwa Kidato cha Tano. Dada yangu alipomleta kwangu kutoka Mbeya alisema sentensi moja: "Nirudishie daktari." Nami niliahidi. Mtoto alikuwa mwepesi wa Baiolojia, Kemia anajitahidi, na Fizikia aliniambia iko sawa. Kila nilipomuuliza, iko sawa, mama mdogo. Chekeche ilipofika nilianza kusikia pikipiki hata pasipo na pikipiki.

Ilikuja Jumamosi, saa nane mchana. Nilisimama katikati ya chumba na mwiko mkononi. Mlango sikuufunga, maneno ya kikao ni ya kikao. Taaluma aliegesha, akavua kofia, akaja mpaka kizingitini. Akachuchumaa. Akapiga makofi polepole, kwangu mimi, mtu ambaye angeweza kunizaa.

"Taaluma, jamani, inuka! Mimi ni mdogo wako."

"Ofisini," alisema. "Hapa wewe ndiye mwenye mtoto."

Atupele alikuwa amepika ugali na migebuka, wale samaki wa ziwani kutoka Kasanga, nyumba nzima inanukia. Akaleta maji ya kunawa, akapiga goti. Taaluma aliyatazama yale maji. Akaitazama sahani.

"Asante, mwanangu. Nimekula."

Halafu akanigeukia mimi. "Mtoto yuko vizuri. Amechechemea kidogo, lakini atafaulu. Mwache abaki." Akainuka, akaaga, akavaa kofia. Hakukaa hata robo saa.

Nilishusha pumzi. Nilicheka, haki ya Mungu, nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilipogeuka, Atupele alikuwa bado ameshika lile bakuli la maji.

"Mama mdogo, hakula."

"Kwani umesikia alichosema? Utafaulu!"

"Hakula."

"Labda ameshiba."

"Taaluma? Saa nane? Migebuka?" Machozi yakaanza kumshuka. Kumbe habari ya ugali ilijulikana mpaka bwenini. "Fizikia siielewi, mama mdogo. Nakariri tu. Nilitaka kukwambia, nikasikia ulivyogomba kwenye kikao, nikaogopa."

Nilikaa chini. Nilimwonea uchungu mtoto, nikajionea uchungu mimi na ahadi yangu kwa dada. Halafu hasira ikanipanda, maana hasira ndiyo ninayoiweza. Kwa hiyo anajua! Anajua mtoto ataanguka, na amekuja kuniambia atafaulu! Nikaona mchezo wote: amesikia maneno yangu ya kikao, ananikomoa. Anataka Atupele aanguke mbele ya mji mzima, mimi nizame naye, na yeye aseme, si nilitaka kusaidia, Madam akasema atafunga mlango? Nikasema hapana. Raha hiyo hataipata kwangu.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwake kuomba uhamisho. Matai kulikuwa na shule ya kawaida, haina bango, inayofundisha Kemia, Baiolojia na Jiografia, na iko tayari kumpokea aanze Kidato cha Tano upya. Taaluma alifunga dirisha.

"Umeamua mwenyewe?"

"Nimeamua mwenyewe," nilisema, na hapohapo nikasikia nimeongea kama wale wazazi wote. Alipiga mhuri. Nilitoka bila kuaga.

Dada yangu hakunisemesha miezi. Atupele alilia njia nzima ya Matai, na mwaka ule ulipoisha bango la bluu lilikuwa bado ni la kweli, wote chuo kikuu, Taaluma akapongezwa kwa makofi. Mimi sikupiga. Mkataba wangu ulipokwisha sikuomba mwingine, nikahamia shule ya serikali hapahapa mjini, yenye watoto wengi na madirisha yasiyofungika. Yeye akastaafu, akaenda kulima upande wa Matai. Kwa miaka nilikuwa nikimwona sokoni namsalimia kwa mbali, shikamoo ya kupita.

Mwaka jana, mchana wa Jumapili, nikasikia pikipiki. Safari hii sikuwa na mwiko, nilikuwa na miwani na madaftari ya kusahihisha. Ndiye. Koti ni lilelile, mtu amepungua ndani yake. Alisema amekuja kumwona bibi shamba.

Bibi shamba ni Atupele. Alifaulu kule Matai, akaenda chuo kikuu akasoma kilimo, sasa yuko Kalambo anawashauri wakulima, na siku hiyo alikuwa amekuja kunisalimia. Udaktari haukuwa. Dada yangu bado analitaja hilo sikukuu zikifika. Mahindi ya Taaluma yalikuwa yanashambuliwa na viwavi, na Atupele alimweleza la kufanya, naye alisikiliza kichwa ameinamisha. "Nimekusikia," akasema, "na nimekubali." Atupele alicheka kwa sauti.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelibeba swali langu muda mrefu mno.

"Taaluma, siku ile ulikuja kwangu ukakataa ugali. Ulinidanganya?"

"Hapana," alisema mara moja. "Nilikuwa nimeshiba tu. Niliona kweli atafaulu."

Kama ni hivyo, basi mtoto nilimtoa bure, na udaktari wa dada yangu niliuua mimi, kwa sahani ya migebuka. Atupele aliniangalia, akamwangalia mzee. Akaenda jikoni. Akarudi na maji ya kunawa na ugali wa moto, akapiga goti kama zamani.

"Karibu, mwalimu. Kula kwanza, halafu useme tena."

Yule mzee alitazama sahani. Akamtazama yeye. Nikaona mdomo wake unacheza, akacheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika. Akanawa. Alikula polepole, tonge kwa tonge, sisi wawili tumekaa tunamtazama kama watu wanaongoja matokeo. Akamaliza. Akanawa tena, akajifuta kwenye koti.

"Asingefaulu," alisema. "Fizikia ile? Asingefaulu."

"Sasa kwa nini hukuniambia!" Nilisimama. "Wazazi wote uliwaambia, mimi nimekukosea nini?"

"Ningekwambia mhamishe, ungemhamisha?"

Atupele akanijibia. "Asingenihamisha, mwalimu. Angeniacha palepale kwa ubishi."

"Na kama nisingejua habari ya kula kwako?"

"Ulijua. Mama wa Laela alikwambia pale getini. Dirisha langu linatazama geti, na siku hiyo nilikuwa bado sijalifunga." Aliingiza mkono mfukoni, akatoa karanga, akazipuliza, akaninyooshea kiganja. "Madam Baiolojia, wewe ukiambiwa kumekucha unatoka kwanza nje kuangalia jua. Sasa ningekwambiaje?"

Nilizichukua zile karanga. Nilizitafuna palepale mbele yake, na zilikuwa na chaki.

Tulimsindikiza mpaka nje. Alisema anarudi moja kwa moja Matai, hapiti popote. Atupele aliingia ndani kutoa vyombo. Mimi nilibaki mlangoni nikiifuata ile pikipiki kwa macho mpaka ilipofika njia panda, na sikuingia ndani mpaka nilipoona kweli amekata kona ya Matai.